Sera Haipigi Hodi

Leokadia alinipigia simu asubuhi nikiwa uani nachambua maharage. Alianza na shikamoo dada, nami kwa sauti yake nikajua kabla hajasema. Mama Odilia, mama yake, alikuwa ametutoka. Alilala akiwa amekula vizuri na kuwagombeza watu wote wa nyumba kama kawaida yake, na kulipokucha hakuamka. "Tunakusubiri, dada," Leokadia akasema, "na wasifu utasoma wewe. Mama alisema hivyo, na si mara moja." Mimi sipendi wasifu wa marehemu. Katika umri wangu huu nimekaa chini ya maturubai mengi nikisikiliza watu wakisomewa kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, kuugua na kufa, na mara nyingi nimejiuliza kama aliye ndani ya sanduku angejitambua. Lakini Mama Odilia hakuwa mtu wa kukataliwa akiwa hai, sembuse akiwa amekufa. Nikakunja kanga mbili na koti zito, maana baridi ya Sumbawanga haina mzaha, nikaenda kituo cha mabasi hapa Dodoma. Siku hizi kutoka Tunduma ni lami tupu, mtu anasinzia Laela anaamka Mazwi, Sumbawanga mjini. Mimi sikusinzia. Njia nzima nilikuwa na neno moja kichwani, neno ambalo nililijua vizuri sana shuleni na ambalo mwanamke huyu alinipokonya kidogo kidogo katika mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwake. Neno lenyewe ni sera.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikotoka si hoja. Yatosha kusema kwamba sikuwa Mfipa, sikumjua Mfipa hata mmoja, na nilipopangiwa kazi Rukwa wenzangu wa chuoni walinipa pole. Chama cha ushirika kilinipeleka kuwa karani wa mizani katika kijiji kimoja mbele ya Mollo, karibu na pale uwanda unapoisha na barabara inaanza kuteremka kwenda Muze na bonde la Ziwa Rukwa. Ghala lilikuwa la matofali ya kuchoma, na lilisimama peke yake nje kidogo ya kijiji, na ndani kulikuwa na mizani ya kusimama, meza, kiti na mimi. Upepo wa uwanda ule haukukutana na mti wowote wa maana kabla ya kufika mlangoni kwangu. Ulipenya chini ya mlango, ukainua vumbi la mahindi ya mwaka uliopita, ukalizungusha na kulitua tena. Nilikuwa nafagia asubuhi, na mchana nafagia tena, ili niwe na la kufanya. Watu walinisalimia vizuri, kwa heshima yote, lakini walinisalimia jinsi mtu anavyoisalimia ofisi. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Hakuna aliyenitania. Ukitaka kujua upweke ni nini, nenda mahali ambapo watu wote wana adabu kwako.

Aliyenipa chumba alikuwa Mama Odilia, kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na chumba changu kilikuwa kimebandikwa magazeti ya zamani ukutani kuzuia baridi, kwa hiyo nililala nimezungukwa na hotuba. Alikuwa na watoto watatu, Leokadia ndiye kitindamimba. Tulikula jikoni tukiuzunguka moto: ugali wa ulezi uliokolea rangi, maharage, siku nyingine mboga ya majani ya maboga, na mara chache sana samaki wa kukausha, migebuka, waliopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika, ambao Mama Odilia aliwagawa vipande kwa uangalifu wa padri anayegawa komunyo. Wao kwa wao waliongea Kifipa. Mimi nilikaa na tonge mkononi nikisubiri neno nilijualo lipite. Ndivyo nilivyoanza kugundua kitu. Asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nilimsikia akipuliza moto na kuongea peke yake, Kifipa kirefu kilichoshuka na kupanda, na katikati yake yakitokeza maneno ya Kiswahili kama mawe kwenye mchele: serikali, kizuizi, mlanguzi. Kisha Kifipa tena. Kisha mlanguzi. Nilidhani anasali, na kwamba ni dhambi ya mtu fulani anayoiombea. Sikuuliza. Nilikuwa mgeni, na mgeni wa Wafipa akiwa na busara hula kwanza.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri kupita kiasi. Watu walileta mahindi kwa baiskeli, kwa mikokoteni ya maksai, kichwani. Nilipima, nikapokea, ghala likajaa hadi darini, na yaliyobaki tukayapanga uwanjani juu ya magogo na kuyafunika maturubai. Kilichobaki ni lori la ushirika lije liyachukue na wenyewe walipwe, kama miaka yote. Lori halikuja. Wiki zikapita, mimi nikakaa kwenye kiti changu nikitazama barabara ya Mollo, na wenye mahindi wakakaa nje ukutani wakinitazama mimi. Hatimaye alikuja katibu wa chama, juu ya pikipiki, macho mekundu kwa vumbi. Hata kuteremka hakuteremka. Akasema ushirika kwa sasa hauna uwezo wa kununua, sera imebadilika, watu wawe watulivu, kisha akageuza pikipiki akaondoka. Watu walikuwa watulivu. Walisimama pale wakiwa watulivu mpaka vumbi lake likatua.

Jioni Mama Odilia aliniwekea ugali mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumbani kwake akaniuliza swali lisilohusu maji au kuni.

"Mwanangu, wewe umesoma. Huyo Sera ni nani?"

"Si mtu, mama. Sera ni mwongozo. Ni mpango wa serikali, unaoonyesha nini kifanyike na kwa njia gani." Nilijibu hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani, na nilifurahi kuulizwa.

"Anakaa wapi?"

"Mama, si mtu!"

"Nimesikia. Lakini anakuja. Anabadilika. Anawakataza watu, anawaruhusu watu. Mimi nikifanya hivyo wataniita mtu." Akamega tonge, akalichovya. "Tena ni mgeni asiye na adabu. Hapigi hodi, haketi, hali chakula chako. Unaamka asubuhi unakuta amehamisha vyungu vyako vyote."

Watoto walicheka, nami nikacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza katika nyumba ile, na nakumbuka nilivyolala siku hiyo nikiwa na furaha ya kijinga, kwamba nimetaniwa. Sikujua kwamba hakuwa anatania tu. Leo, nikiwa na nywele nyeupe na nikiwa nimesikia neno hilo katika mikutano isiyo na idadi, bado sijapata maelezo yanayolizidi lile la jikoni.

Kilichofuata kinaweza kuwachekesha vijana wa sasa. Siku moja mchana nikasikia yowe kutoka kijijini, kisha filimbi, kisha kundi la watu likaja mbio kuelekea ghalani. Mbele alikuwa Festo, kamanda wa mgambo, mwanamume mkavu ndani ya koti la jeshi lililompwaya. Nyuma yake walimkokota mtu aliyefungwa mikono kwa kamba ya katani, kofia yake ya kufuma imebanwa kwapani na mmoja wa waliomkamata. Jina lake lilikuwa Salehe, mfanyabiashara wa Kirando, kule Ziwa Tanganyika, na lori lake walikuwa wameliacha njiani limezungukwa na wanawake wenye michi.

"Karani, tumemkamata!" Festo akasema, akihema. "Mlanguzi. Anapita nyumba kwa nyumba anauliza mahindi. Mchana kweupe!"

"Dada, waeleze hawa watu," Salehe akasema. "Leseni ninayo. Siku hizi ruksa. Nchi nzima ruksa, isipokuwa hapa?"

Nikasema afunguliwe. Nikaeleza kwamba watu binafsi sasa wanaruhusiwa kununua mazao.

"Tangu lini?" Festo akauliza.

"Tangu sera ilipobadilika. Si katibu alikuja akawaambia?"

"Alisema sera imebadilika. Hakusema walanguzi waachwe."

Na ukweli ni kwamba hakusema. Kwa miaka mingi watu wale walikuwa wamefundishwa, mikutanoni na kwenye redio, kwamba anayenunua mahindi pembeni ni adui, akamatwe, aletwe. Walijifunza. Wakamkamata, wakamleta kwa serikali, na serikali ya kijiji kile siku hiyo ilikuwa mimi na ufagio wangu. Festo alinitazama kama mtu aliyeleta kuni nzito akaambiwa moto ulishazimwa. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakacheka chini chini. Mama Odilia alikuwa amesimama mbele kabisa, kwa sababu, kama nilivyokuja kujua, yeye ndiye aliyepiga yowe.

"Karani," akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo. "Huyu kazi yake ni nini?"

"Ananunua mahindi huku, anauza kule, mama."

"Na serikali inajua?"

"Inajua."

"Na hafungwi?"

"Hafungwi."

Akaitazama ile kamba mikononi mwa Salehe, kisha akageuka akaenda zake nyumbani, hata hakungoja ifunguliwe. Salehe alipewa kofia yake na kuombwa radhi. Akaivaa, akapanda lori, akasema habari hii atawafikishia wenzake wote kutoka Kasanga mpaka Tunduma, na ahadi yake aliitimiza. Hakuna lori lingine lililokanyaga kijiji kile msimu ule.

Jioni hiyo chakula kiliiva lakini Mama Odilia hakula. Aliwatuma watoto kwa shangazi yao, akakaa upande wa pili wa moto, akaniambia habari za mume wake, kwa Kiswahili kitupu, bila kuchanganya Kifipa hata kidogo, ili nisikose kitu. Mume wake aliitwa Wenseslaus. Miaka michache kabla sijafika, ulezi ulipokuwa umewapungukia na chumvi ikiwa haionekani madukani, alifunga gunia la mahindi kwenye baiskeli akaondoka nalo kwenda bondeni, akabadilishane kwa samaki na chumvi. Mahindi yalikuwa yake. Shamba lilikuwa lake, jembe lake na mgongo wake. Festo na mgambo wenzake walimngoja kwenye kizuizi, pale mteremko unapoanza. Wakampeleka mjini na baiskeli yake, akafungwa kwa kosa la ulanguzi. Aliporudi alikuwa anakohoa, na masika yaliyofuata yalimkuta kaburini.

"Aliyekuja kuzika alikuwa katekista, na kaka zake," akasema. "Wengine wote walikaa majumbani. Watu niliowapikia, watu niliowazalisha wake zao. Kumzika mlanguzi wakati ule ilikuwa kujitangaza. Tulitupa udongo mimi na wanangu, tukatupa tena, tukatupa tena, kwa sababu mikono ilikuwa michache." Akasogeza kuni motoni. "Na mpaka leo wanangu wakigombana na wenzao kisimani wanaitwa watoto wa mlanguzi."

Nilimuuliza kwa nini basi, yeye mwenyewe, alimpigia Salehe yowe.

"Nilitaka afungwe," akasema. "Kama huyu hafungwi, mwenzake alifungwa kwa nini?"

Nilimwambia, na nilimaanisha, kwamba Wenseslaus hakuwa amekosa kitu. Akanigusa goti. "Wewe ni mwanangu, ungesema nini kingine? Mimi nataka isemwe mbele za watu. Walimwita mlanguzi mbele za watu." Kisha akanisogezea sahani yake, nile ugali wake ambao hakuugusa, na mimi nikala huku machozi yananitoka. Tangu siku ile sikuwa mgeni tena katika nyumba ile, lakini upweke haukuniacha. Uligeuka tu ukawa wa wawili. Tulikuwa wanawake wawili jikoni: mmoja kijiji kilimheshimu bila kumkaribia, mwingine kilimkaribia bila kumheshimu.

Mvua zilipokaribia alikuja afisa kutoka mjini kutueleza hali halisi. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Afisa alikuwa kijana aliyenyooshwa vizuri, suruali yenye mkunjo, na alikuwa na subira ya mtu anayeongea na watoto. Akasema soko sasa ni huria. Akasema sera ni dira. Akasema sera ni daraja. Akasema sera ni hiki na sera ni kile, na baada ya kila moja mwenyekiti wa kijiji alipiga makofi na sisi tukapiga. Halafu akakaribisha maswali, kama wanavyofanya, akiwa ameshakunja karatasi zake. Mama Odilia akasimama. Nilihisi watu wakijisogeza kwenye nyasi.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Umesema zamani kuuza pembeni ilikuwa kosa, na leo si kosa."

"Ndiyo, mama. Vizuri sana."

"Mume wangu alifungwa kwa lile la zamani. Akafa. Sasa hiyo sera ilipobadilika, na yeye imembadilisha? Bado ni mwizi, au si mwizi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona amecheka peke yake. Afisa alitazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na swali ambalo halikuwemo katika karatasi zake. "Mama, pole sana," akasema. "Lakini unajua, sera haiangalii mtu mmoja mmoja. Tusonge mbele." Mwenyekiti akapiga makofi. Watu wakapiga makofi. Festo, aliyekuwa amesimama pembeni na filimbi yake shingoni, hakupiga. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika kwenye ua wake Mama Odilia alisimama, akashika mwimo wa mlango. "Haiangalii mtu mmoja mmoja," akasema. "Basi ilimwonaje Wenseslaus, kule kwenye mteremko, na baiskeli yake?"

Nina vyeti viwili vilivyokuja baadaye, nimekaa kwenye kamati, nimesaidia hata kuandika hizo sera zenyewe, koma hapa na nukta pale, na bado sina jibu. Kila nilipokuwa katika vyumba vile vyenye viyoyozi na chupa za maji, na mtu akasema wananchi wataielewa tu, nilimwona Mama Odilia amesimama kwenye nyasi za uwanja wa shule. Mara nyingine niliuliza swali lake kwa maneno yangu. Walinipa pole na kusonga mbele.

Mvua ikaja. Maturubai yalikuwa mabovu, na mahindi ya uwanjani yakalowa upande wa juu, kisha wa chini. Watu walikuja kimya kimya kila mmoja kuchukua yake, na mimi nikawafungulia mlango ili wenye mahindi ya ndani nao wachukue yao, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisifanye hivyo na hakuna aliyekuwa wa kuniambia. Yaliyokwisha kuota waliyaanika wakayafanya kimea, na kwa majuma kadhaa kijiji kizima kilinuka pombe. Wanaume walikunywa mahindi ya mwaka mzima huku wakiimba, lakini nyimbo zao zilikuwa za matanga. Bati ambalo Mama Odilia alitarajia kuezekea halikununuliwa. Tuliweka sufuria chini ya matobo ya nyasi. Ghala likabaki tupu. Nilikaa kwenye kiti changu nikisikiliza mvua, na nilipokohoa kikohozi kilinirudia kutoka ukuta wa mbali. Kisha katibu akaja tena na pikipiki yake, safari hii akateremka, akaniambia kituo kinafungwa na kazi yangu imekwisha. "Usikasirike, binti," akasema, "ni sera." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliogopa, akaniletea maji.

Mama Odilia alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba sanduku langu kichwani, hakutaka kusikia kwamba nina mikono. Tulingoja gari lililokuwa likitoka Muze na mpunga. Ukungu ulikuwa umefunika mteremko, hatukuona bonde, tulisikia tu injini ikipanda polepole sana. Akasema, bila kunitazama, "Siku moja mtu atasimama atasema. Mimi nikiwepo au nisiwepo." Nikamwambia atakuwepo. "Usiahidi kama serikali," akasema, akanisukuma mgongoni nipande.

Niliporudi safari hii nilikuta nyumba ya bati, sakafu ya saruji, na chumba changu kimepakwa rangi ya bluu. Nje yalikuwa yameegeshwa malori mawili ya Leokadia, maana Leokadia ni mfanyabiashara wa mahindi, mkubwa tu, anapeleka mpaka ng'ambo ya mpaka, na mbele ya kila lori ameandika jina la baba yake kwa herufi nyekundu. Msiba ulikuwa umejaa. Nimeona misiba ya wakubwa isiyo na watu kiasi kile. Tuliandika wasifu asubuhi ya maziko, mimi na yeye, kwenye kitanda changu cha zamani, na tulipomaliza mtendaji wa kata aliomba kuupitia. Kijana mwenye heshima, alinipa shikamoo kwa mikono miwili. Akasoma, akafika mahali, akakuna kidevu.

"Hapa, mama, nilikuwa naona tuparuke."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya sera za wakati ule. Na viongozi wapo."

"Nimekusikia, mwanangu," nikasema. Nilisikia sauti ya Mama Odilia ikitoka kinywani mwangu, nikashtuka kidogo.

Makaburi yao yapo nyuma ya nyumba, kwenye shamba lenyewe. Kaburi jipya lilikuwa limechimbwa sambamba na la zamani la Wenseslaus, ambalo lilikuwa limejaa nyasi na msalaba wake umeinama. Baada ya padri kumaliza nikapewa kipaza sauti. Upepo ulikuwa ule ule. Nikasoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo. Nikafika pale. Nikasoma: "Aliolewa na Wenseslaus, mkulima. Wenseslaus alikamatwa akiwa na gunia moja la mahindi aliyoyalima mwenyewe, akafungwa, akafa kwa maradhi aliyorudi nayo. Hakuiba. Hakumdhulumu mtu. Alifanya kazi ambayo leo binti yake anaifanya na tunamsifu. Odilia aliomba jambo moja maishani, kwamba hili lisemwe mbele za watu." Nikageuza karatasi. Nilimwona mtendaji ameinamisha kichwa. Nikamalizia waliobaki, wajukuu na vitukuu, nikashuka.

Sanduku likateremshwa, wakaanza kuita watu kutupa udongo. Kabla familia haijasogea, mzee mmoja alinyanyuka kwenye viti vya nyuma. Alikuwa amekauka, fimbo mkononi, mjukuu alitaka kumshika akamkataa kwa kiwiko. Nilimtambua kwa jinsi koti lilivyompwaya. Festo alipita katikati ya watu, wakimpisha, akalipita kaburi jipya bila kusimama. Akaenda hadi kwenye lile la nyasi. Akainama kwa taabu, akachota udongo kwa mkono, akasimama nao mbele ya msalaba ulioinama, udongo ukimchuruzika vidoleni.

"Hodi, Wenseslaus," akasema.

Alingoja, kama mtu anavyongoja mlangoni kwa watu, na nikadhani atangoja mpaka jua litue. Leokadia akatoka pembeni yangu, akaenda akasimama karibu naye, akifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Karibu, baba," akaitika.

Ndipo mzee akautupa udongo wake.